Nani Yuko Zamu Usiku Huu?

Watu wakisikia nilifanya kazi katika kampuni changa ya afya ya akili inayohudumia watu kwa simu, huniuliza kuhusu teknolojia. Je, ni roboti inayojibu? Ina watumiaji wangapi? Nikiwaambia kwamba muda wangu mwingi pale uliishia kwenye karatasi ya zamu, naona hamu ikiwatoka usoni. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Makongamano ya vijana kuhusu uongozi nimehudhuria, nikala sambusa zao na kupewa vyeti. Kuongoza kwenyewe nilikujulia kwenye karatasi ile: nani anajibu jioni ya leo, akizidiwa anamwita nani, na kesho nani atampumzisha.

Nilikuwa mwaka wa tatu, nasomea saikolojia huko Njoro, na kama wenzangu wote nilikuwa natafuta nafasi ya mafunzo ya nyanjani. Wengi walichukuliwa na hospitali au idara za kaunti. Mimi nikaangukia ofisi ya vyumba viwili mjini Nakuru, juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo, si mbali na Barabara ya Kenyatta. Harufu ya dawa ya kupe ilipanda ngazi pamoja nasi kila asubuhi. Mafunzo yalipokwisha waliniomba nibaki kwa nusu siku, na baada ya muda nikajikuta kiongozi wa zamu ya jioni, nikiwa mdogo kwa umri kuliko karibu kila mtu niliyempangia kazi.

Huduma yenyewe ilikuwa hivi. Mtu mwenye simu ya aina yoyote, hata kabambe isiyo na intaneti, alibonyeza nyota, namba na reli kama anayeangalia salio, kisha akajibu maswali machache kuhusu hali yake ya wiki mbili zilizopita. Kampuni ndiyo iliyolipia. Akitaka, alipewa msikilizaji wa kuandikiana naye arafa au wa kumpigia. Wasikilizaji hatukuwa madaktari. Kulikuwa na sisi wanafunzi, muuguzi mstaafu, mwalimu mstaafu, na kijana aliyewahi kuendesha bodaboda Kaptembwa. Sote tulipewa mafunzo, na aliyetusimamia alikuwa mwanasaikolojia mshauri aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014. Yeye ndiye aliyeianzisha kampuni pia. Tulimwita Madam.

Wazo la kutumia watu wa kawaida si geni. Kule Harare, Dkt. Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina nyanya kukaa kwenye benchi na watu waliolemewa na mawazo, na kazi yao imefuatiliwa na watafiti hadi ikakubalika duniani. Hapa Kenya, shirika la Shamiri huwatumia vijana waliotoka shule ya upili juzijuzi kuongoza vikundi vya wanafunzi. Sababu yake kila mtu anaijua: madaktari wa akili ni wachache. Jopokazi la serikali kuhusu afya ya akili, lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga, lilipotoa ripoti yake mwaka 2020, lilipendekeza afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Mkulima wa viazi wa Kuresoi hawezi kungoja hadi daktari wa akili apatikane jirani naye. Ana simu, na simu ina chaji.

Maswali tuliyotumia hatukuyabuni. Ni yale tisa yanayoitwa PHQ-9, yanayotumika hospitalini kupima dalili za mfadhaiko. Kila swali lina alama kuanzia 0 hadi 3, kwa hiyo jumla ya juu kabisa ni 27, na la tisa ndilo linalouliza iwapo mtu amekuwa na fikira za kufa au za kujidhuru. Fundi wetu wa mitambo, kijana mwenye kipaji ambaye sote tulimwita Injinia, alikuwa ameyaingiza yote tisa kwenye huduma ya nyota na reli. Ilikuwa kazi safi, na aliionea fahari.

Tatizo ni kwamba huduma ya namna hiyo haina subira. Muda ukipita, mtandao unakukata, na skrini moja haibebi maneno mengi. Mtu anayesoma polepole, au aliyesimama ndani ya matatu akiwa na mtoto mkononi, alikuwa anakatwa kabla hajafika mwisho. Swali lililopotea kuliko mengine likawa lile la tisa, ambalo sisi tulilihitaji kuliko yote.

Muuguzi wetu mstaafu ndiye aliyeligundua hilo. Tulikaa kikao, na mimi nilitarajia Injinia atashambuliwa, maana nilishaona mikutano ya chuoni inavyogeuka mahakama. Madam hakumwambia lolote. Alimpa muuguzi, yule mama, simu ya kabambe, akamwomba ajibu maswali yote huku sisi tukitazama saa ya ukutani. Mama akavaa miwani. Akasoma swali la kwanza kwa sauti, akafikiri, akabonyeza. La pili vivyo hivyo. La tatu akainua kichwa na kuuliza, “Hapa usingizi wanaosema ni wa usiku tu, ama hata ule wa mchana?” Akajibiwa ajibu anavyoelewa. Alipokuwa kwenye la sita skrini ikarudi mwanzo. Akaigeuza simu ili sote tuione.

Injinia alishachukua kalamu. Kabla ya chakula cha mchana tulikuwa tumekubaliana kubakiza kwenye skrini maswali mawili ya mwanzo tu, ambayo hata wataalamu huyatumia kama kichujio, na yeyote atakayepata alama 3 au zaidi kati ya 6 aulizwe kama anakubali kupigiwa, ili saba yaliyobaki aulizwe kwa sauti ya binadamu. Kila jibu lihifadhiwe papo hapo, hata mtu akikatwa. Na kwa sababu mtu anaweza kupata alama ndogo huku yumo hatarini, skrini ya kwanza kabisa iwe na chaguo la kuomba kuzungumza na mtu sasa hivi. Chaguo hilo la mwisho lilitoka kwa Injinia mwenyewe.

Nimelifikiria sana jambo hilo baadaye. Madam angeweza kutoa amri, na ingetekelezwa. Angeweza pia kuandika ripoti. Badala yake aliweka tatizo mezani mahali ambapo kila mtu angeliona kwa macho yake, kisha akanyamaza, na kunyamaza huko ndiko kulikuwa kugumu, maana yeye ni mtu wa maneno mengi. Injinia alitoka mle akiwa mwenye suluhisho, si mshtakiwa. Ningekuwa mimi, ningefungua kikao kwa kusema “tatizo ni hili”, na tungepoteza asubuhi nzima tukimsikiliza akijitetea.

Somo hilo lilinifaa mapema kuliko nilivyodhani, kwa sababu ya Mwalimu.

Mwalimu alikuwa amefundisha shule za msingi upande wa Rongai hadi akastaafu. Umri wake ulimzidi baba yangu. Alifika zamu kabla ya wote, shati limepigwa pasi, na hakuwahi kukosa. Lakini alipokuwa akijibu watu, alihubiri. Mtu mmoja, mwanamume kwa jinsi alivyojitambulisha, aliandika hivi tu: “Nimechoka na kila kitu.” Mwalimu akamjibu kwa arafa zilizofuatana, moja juu ya nyingine, kuhusu uvumilivu, kuhusu baada ya dhiki faraja, kuhusu Mungu asiyemtupa mja wake. Kila neno lilitoka moyoni. Yule mtu hakujibu tena jioni hiyo.

Sasa wewe msichana wa chuo utamwambiaje mzee wa watu kwamba hivyo sivyo? Kwetu hatumsahihishi mtu mzima mbele ya wadogo zake. Na hata faraghani huwezi kumkalisha kama mwanafunzi na kumsomea makosa. Vitabu vya uongozi nilivyokuwa nimepewa chuoni vilisema nitoe maoni ya wazi na ya papo hapo. Vitabu hivyo havikuandikwa na mtu aliyelelewa Bonde la Ufa.

Nilisubiri hadi wakati wa chai. Nikammiminia, nikaketi kando yake, na nikamwambia, “Mwalimu, naomba unisaidie kusoma mazungumzo haya. Nataka kuelewa ni wapi huyu ndugu alipotuacha.” Nilikuwa nimeyachapisha kwenye karatasi, bila namba ya simu. Akatoa kalamu nyekundu mfukoni. Sijui kwa nini mtu aliyestaafu bado anatembea na kalamu nyekundu, lakini alikuwa nayo. Akaanza kusoma kama anayesahihisha, ncha ya kalamu ikifuata mistari. Alipofika mwisho akarudi juu, akapiga mstari chini ya yale maneno ya mwanzo.

“Binti yangu,” akasema, “huyu mtu ameandika maneno manne. Mimi nimemjibu insha.”

Sikuongeza kitu. Akanywa chai yake. Kisha akauliza mimi ningeandika nini, nikamwambia labda ningemuuliza amechoka tangu lini. Akaandika swali hilo pembeni mwa karatasi, akalitazama, akalipunguza hadi likawa “Tangu lini?” Kesho yake alimwandikia yule mtu tena, akamwomba radhi kwa maneno mengi ya jana, na akamuuliza hilo. Jibu lilikuja refu. Lilianza na mavuno ya viazi yaliyoozea shambani kwa kukosa bei, likaendelea hadi kwa deni la karo, hadi kwa mke aliyerudi kwao.

Tangu hapo Mwalimu ndiye tuliyempelekea wanaume wa makamo, kwa maana walimfungukia upesi kuliko walivyotufungukia sisi vijana. Karatasi yenye maneno “Tangu lini?” ilibandikwa ukutani kwa mkono wake, herufi za mtu aliyefundisha darasa la kwanza. Mimi akaanza kuniita “kiongozi”, nusu kwa utani, na hakuacha kusahihisha tahajia yangu kwenye ratiba. Kila Jumatatu nilikuta duara jekundu mahali fulani.

Yapo mambo mengine niliyoyaona kwa haraka na ambayo yalitufundisha kusikiliza kabla ya kujenga. Simu nyingi ni za watu wawili. Mama anayefanya kazi kwenye mashamba ya maua Naivasha anaweza kuwa na laini yake, lakini simu jioni huwa kwa mumewe, na ujumbe ukiingia jina la mtumaji linasomeka hata kabla skrini haijafunguliwa. Dada wa mapokezi, ambaye cheo chake kilikuwa cha mwisho kabisa ofisini, ndiye aliyesema tutoe maneno yoyote ya afya ya akili kwenye jina la mtumaji, na tusiandike kwanza mpaka mtu atuambie saa gani simu iko mikononi mwake. Ikafanyika wiki hiyo hiyo. Madam alikuwa na tabia ya kuwauliza wa chini kwanza na wakubwa mwisho, ili wadogo wasije wakarudia tu yaliyosemwa na wakubwa. Ni mpangilio wa kuketi na kuzungumza tu, haugharimu hata shilingi, na sijaona ofisi nyingi zinazoufuata.

Usiku ndio uliokuwa mgumu.

Ratiba yetu ilikuwa na safu ambayo mgeni angeipita bila kuiona. Baada ya jina la msikilizaji lilifuata jina la wa kumwita akizidiwa, halafu jina la wa kumwita huyo wa pili asipopokea. Kila mtumiaji aliyekubali kuzungumza nasi aliombwa mapema, siku ambayo hakuna dharura, jina na namba ya mtu mmoja anayemwamini. Ngazi ya kupanda ilikuwa wazi: kwanza huyo mtu wake, kisha kituo cha afya kilicho karibu naye, na muda wote namba ya bure ya Msalaba Mwekundu, 1199, ambayo yeyote nchini anaweza kuipigia akihitaji kuongea na mshauri. Polisi walikuwa mwisho kabisa wa orodha. Hilo liliwashangaza wageni, lakini lilikuwa na sababu. Wakati huo kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilikuwa kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Ungemwitia mtu msaada, na msaada huo ungeweza kumfikisha seli badala ya wadi. Watu walijua hivyo, na wengine walituuliza waziwazi kabla ya kusema lolote: mkiambiwa mnaripoti? Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha Katiba mwezi Januari 2025, na siku ile nilimwandikia Madam ujumbe kabla hata sijamaliza kusoma habari yenyewe.

Jioni moja, muda mfupi kabla ya saa nne, kijana wa Kaptembwa aliinua mkono bila kuacha kuandika. Ndiyo ishara tuliyokubaliana. Nilikwenda nikasimama nyuma yake. Sitaeleza yaliyoandikwa na mtu wa upande wa pili, si yangu kuyaeleza. Naweza kueleza tulivyogawana kazi. Yeye aliendelea kuzungumza na mtu huyo, kazi yake ikawa hiyo tu. Mimi nikapiga simu kwa dada yake mtumiaji, ambaye ndiye aliyetajwa kama mtu wa kuaminika. Muuguzi akatafuta afisa wa kliniki wa zamu kwenye kituo cha karibu, mtu aliyemfahamu kwa jina kwa sababu alishamtembelea na kumletea biskuti miezi iliyopita, akijua siku kama hii itafika. Mwalimu akachukua mazungumzo mengine yote yaliyokuwa wazi ili yasikae bila jibu. Hakuna aliyeuliza afanye nini. Dada wa mtumiaji alifika akiwa amepanda pikipiki ya jirani, akatupigia akiwa ameketi naye, na usiku huo huo wakaenda kituoni pamoja.

Tulikuwa tumelifanyia mazoezi jambo hilo hadi likachosha, na kuna siku nilinung'unika moyoni kwamba Madam anatugeuza wanajeshi. Usiku ule nilielewa mazoezi yalikuwa ya nini. Mtu mwenye hofu hawezi kuanza kufikiri nani apige simu gani. Inabidi hilo liwe limeshafikiriwa kabla.

Lakini kilichonikaa zaidi ni kilichofuata. Nilipompigia Madam kumweleza, hakuanza na “mlifanya nini”. Aliuliza, “Uko na nani hapo sasa?” Kisha akasema anakuja. Akafika na leso kichwani, akamtoa yule kijana kwenye kiti, akaketi yeye, na akamaliza zamu iliyobaki akijibu arafa za watu waliokosa usingizi. Mimi na kijana tukatumiwa teksi. Siku iliyofuata jina la kijana halikuwa kwenye ratiba, na malipo yake yalikuwapo.

Malipo hayo yana hadithi. Mwanzoni, kabla sijaja, kampuni ilikuwa na kanuni kwamba aliyepitia mazungumzo mazito apumzike zamu inayofuata. Ilikuwa kanuni nzuri kwenye karatasi, na hakuna aliyeifuata. Watu walisema wako sawa, hawajachoka, hata pale mikono ilipokuwa ikitetemeka. Madam alichunguza, akakuta kwamba wanaolipwa kwa zamu hawawezi kukubali kupumzika bila kupoteza pesa ya unga. Akabadilisha: anayepumzishwa analipwa. Wiki hiyo hiyo watu wakaanza kusema ukweli. Nimekutana na viongozi wengi, wakiwemo wa vyama vyetu vya wanafunzi, wanaowahimiza watu “wajitunze” na kuwapa mabango yenye maua. Mimi nikisikia hivyo huuliza tu nani analipia siku ya mapumziko. Sipendwi sana mikutanoni.

Pesa ndiyo iliyotuletea mtihani mwingine. Mwajiri mmoja mkubwa wa upande wa Naivasha alikuja na pendekezo la kuwalipia wafanyakazi wake wote huduma yetu kwa mwaka mzima. Kwa kampuni inayohangaikia kodi ya ofisi, ile ilikuwa neema. Sharti lilikuja mwishoni, likiwa limevaa nguo za heshima: wangependa kila mwezi orodha ya wafanyakazi waliotumia huduma, “ili tuwasaidie vizuri zaidi”.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaziweka habari za afya ya mtu miongoni mwa data nyeti, na Madam angeweza kuiegemea hiyo tu na kumaliza. Alifanya hivyo, lakini alikwenda mbali zaidi. Aliwaalika tena na kuwapa njia nyingine: wangepata jumla ya watumiaji kila baada ya miezi mitatu, na kikundi chochote chenye watu chini ya kumi kisingeonyeshwa kabisa, maana kwenye kikundi kidogo hata jumla ni jina. Walisema watafikiria. Hawakurudi.

Mwezi ule mishahara ilichelewa. Alituita sote, akatufungulia hesabu za benki kwenye kipakatalishi, akaeleza kilichokataliwa na kwa nini, na lini anatarajia pesa za mfadhili mwingine. Mwenzetu mmoja alikasirika. Alisema mwenye nyumba wake hapokei maadili kama kodi, na kwamba ni rahisi kukataa pesa ukiwa na gari. Kimya kikaingia. Madam akajibu kwamba gari linauzwa, na kweli baada ya wiki kadhaa tulimwona akishuka kwenye matatu za Milimani. Mwenzetu aliondoka hata hivyo, akaenda kuuza bima. Mimi siwezi kusema alikosea. Alikuwa na watoto wawili, na haikuwa kazi yake kubeba gharama ya uamuzi ambao hakuulizwa. Nikilinganisha na ule utaratibu wa kuwauliza wa chini kwanza, naona hapa haukufuatwa. Kikao kiliitwa baada ya jibu kutolewa. Huenda jibu lingekuwa lile lile. Lakini angekuwa amelisema naye.

Hata lilipokuja pendekezo la kututangaza redioni katika kaunti nyingine, swali la Madam kwa mfadhili lilikuwa moja: wakipiga mia moja usiku wa kwanza, nani atawajibu? Mfadhili alizungumzia ukuaji. Yeye akaweka ratiba mezani, ile ile yenye maduara mekundu ya Mwalimu, na akaonyesha visanduku vilivyo wazi. Matangazo yakasogezwa hadi kikundi kingine cha wasikilizaji kilipohitimu mafunzo. Kwenye ulimwengu wa kampuni changa, kasi inasifiwa kama ibada. Katika biashara ya kuuza viatu mtandaoni, sawa, kiatu kikichelewa mteja atanuna. Kwetu mtu aliyeandika “naomba kuongea” kisha akakaa hadi asubuhi bila jibu alikuwa na hali mbaya kuliko ambaye hakuwahi kutusikia.

Nimerudi chuoni kumaliza mwaka wa mwisho, na wenzangu wa saikolojia wameniomba nisimamie kikundi cha kusikilizana wanafunzi kwa wanafunzi. Msukumo wa kwanza wa kila mtu ulikuwa kuchapisha fulana na kutangaza huduma ya saa ishirini na nne. Nikawaomba tuhesabu kwanza waliopata mafunzo, tukafika saba. Tukaandika majina, la msikilizaji na la wa kumwita, na mhadhiri mmoja mwenye leseni akakubali jina lake liwe la mwisho kwenye kila mstari. Kwa watu saba, bila mtu kukaa usiku mbili mfululizo, tunaweza kufungua kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa nne usiku, siku tano. Tangazo letu linasema hivyo hivyo, na chini yake kuna 1199 kwa saa zilizobaki. Majuma ya mitihani ndiyo yanayotuumiza kichwa, kwa sababu wasikilizaji nao wana mitihani. Tumewaendea wa mwaka wa nne watakaokuwa wamemaliza karatasi zao mapema. Wawili wamekubali, wa tatu anataka kwanza kujua kama atalipiwa nauli ya kutoka mjini, na mweka hazina wa chama hajanijibu.